Je, Wajua? Mieleka ya Kulipwa Huanza Mdomoni

Biliqo, huku wadi ya Chari ndani ya Isiolo, hatuna ulingo wa mieleka. Tuna mchanga wa Ewaso Nyiro maji yanapopungua, tuna vijana wasiochoka kubwagana, na tuna simu zinazotuletea mapambano ya dunia nzima. Safu ya leo ni ya yeyote aliyewahi kutazama pambano na wenzake, akajikuta yeye ndiye anayelitangaza.

Je, wajua kwamba shoo ya mieleka iliyotia fora Afrika Mashariki miaka hii haina hata ubao mmoja chini? Inaitwa Soft Ground Wrestling, iko Mukono, mashariki ya Kampala, na ilianza mwaka 2023. Nguzo za miti zimechimbiwa ardhini, kamba zimezungushwa, na katikati udongo umemwagiwa maji hadi ukawa tope zito. Wanamieleka, wanaume kwa wanawake, hutoka humo wamejaa matope kuanzia utosini hadi vidoleni, na huwezi tena kujua nani aliingia na nguo ya rangi gani. Hawakungoja kituo cha televisheni kiwafungulie mlango. Waliweka video zao TikTok, watu wakaja wenyewe.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wake alianzia kwenye maiki? Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, alijulikana kwanza kwa kuwatafsiria Waganda mieleka ya Marekani kwa Kiluganda kwenye televisheni. Hebu utafakari mpangilio huo. Kabla hajamfundisha kijana yeyote jinsi ya kuanguka, alikuwa amekwisha kujua shabiki wa nyumbani anacheka wapi, anamchukia nani, na anainuka kitini wakati gani. Mimi naona hapo ndipo siri ilipo, na ndiyo sababu safu hii imeegemea kwa mtangazaji kuliko kwa mwenye misuli.

Je, wajua ulingo wa kawaida umeundwa vipi? Ule wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, una futi 20 kila upande. Chini kuna fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao povu jembamba, kisha turubai. Ni mgumu kuliko unavyoonekana. Anayeanguka hufundishwa kubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kutoa pumzi, na kupiga chini kwa mikono yote miwili ili kishindo kisambae mgongoni kote badala ya kumwishia pahali pamoja. Ule mlio mkubwa unaousikia ni wa mbao, na mara nyingi kuna maiki iliyofichwa chini ya ulingo kuukuza. Tope la Mukono halilii hivyo. Linapokea mwili kwa ulaini, lakini linateleza na linaifanya miguu kuwa mizito. Huko mtangazaji ndiye anayelazimika kuleta kishindo kwa koo lake.

Je, wajua mchanga nao una masharti yake? Kabla ya mtu kurushwa lazima uchekechwe mawe, miiba na vipande vya chupa, kisha uchimbuliwe upya baada ya kila pambano kwa sababu hukandamizwa haraka. Mchanga uliokauka hupofusha macho, na uliolowa kiasi hushika mguu vizuri. Mtu wa Biliqo aliyewahi kuchimba kisima cha mchanga mtoni hahitaji kufundishwa ni upi.

Je, wajua kwamba katika shoo nyingi ndogo za Marekani na Uingereza watazamaji waliokaa ukumbini hawamsikii mtangazaji hata kidogo? Wanachosikia ni mshereheshaji anayetaja majina na uzani kabla ya pambano, basi. Mtangazaji hukaa mezani na vifaa vyake masikioni, akizungumza na wale watakaotazama video baadaye, na kuna shoo ambazo sauti yake huongezwa siku kadhaa baadaye kabisa.

Kwetu si hivyo, wala haifai iwe hivyo. Afrika Mashariki imemlea mtangazaji akiwa katikati ya watu. Uganda kuna ma-VJ, wanaosimulia filamu za kigeni papo hapo hadi mtazamaji akasahau zilitengenezwa kwa lugha gani. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana alitoa filamu ya *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010, na sauti ya VJ Emmie imo ndani yake mwanzo hadi mwisho, akiwahimiza wahusika na kuwasifu, mpaka yeye mwenyewe akawa mhusika. Kenya tuna DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kimewafanya mashujaa wa Bollywood na Hong Kong waonekane wamekulia Eastleigh. Ukiwa ndani ya kibanda cha video shoo hutazami tu, unasimuliwa. Kwa hiyo atakayeandaa mieleka Biliqo na aelekeze spika kwa watu, atangaze kwa Kiborana na Kiswahili, na hadhira imjibu.

Je, wajua Waborana walikuwa na kazi ya sauti na nguvu muda mrefu kabla ya maiki? Kwenye visima virefu vya tula, kusini mwa Ethiopia, wanaume hujipanga kwenye ngazi za udongo na kupokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba, na wimbo ndio unaoweka mwendo wa mikono. Mtangazaji mzuri wa mieleka hufanya kazi iyo hiyo: pambano likilegea huongeza kasi, na watu wakichoka huwapa pumzi.

Je, wajua bingwa wa utangazaji wa Kiswahili alikuwa wa kandanda? Leonard Mambo Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, akaanzisha kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?* mwaka 1966, na tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walimlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Alifariki Februari 2025. Kijana anayetaka kutangaza mieleka asianze na Wamarekani. Amsikilize Mbotela alivyomfanya mtu aliye mbali na uwanja auone mpira ulipo, nani anao, na hatari iko upande gani.

Je, wajua kwamba watangazaji wa mieleka kwa kawaida huwa wawili, na si ajabu mmoja akawa upande wa adui? Wa kwanza anaeleza kinachotokea. Wa pili anamtetea mwovu bila haya: mwamuzi hakuona, kwa hiyo haikuwa rafu. Jesse Ventura alikuwa hodari wa kazi hiyo katika miaka ya 1980. Baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa Minnesota, akahudumu kuanzia 1999 hadi 2003.

Je, wajua hesabu zinatofautiana? Mabega yakibanwa chini, mwamuzi anahesabu hadi 3 kila mahali. Ukitoka nje ya ulingo, Marekani anahesabu hadi 10, na Japani kwa desturi ni 20.

Je, wajua kwamba panda ndiye aliyelibadilisha jina la mieleka? Kampuni kubwa ya Marekani iliitwa WWF, herufi zile zile za shirika la kuhifadhi wanyama lenye nembo ya panda. Kesi ikaenda mahakamani Uingereza, shirika la wanyama likashinda, na Mei 2002 kampuni ikawa WWE. Sisi tunaoishi na twiga na punda milia tunalijua zaidi lile shirika jingine.

Je, wajua swali la «ni kweli au ni uongo?» lilishajibiwa rasmi? Mwaka 1989 WWF iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani ambayo mshindi wake hupangwa, ili jimbo lisiisimamie wala kuitoza kodi kama mchezo wa ushindani. Ushindi unapangwa. Mgongo unaotua kwenye mbao haupangwi, na mtangazaji anayewadhihaki wanamieleka kwa sababu matokeo yanajulikana hajawahi kubebwa juu na kuachiliwa.

Je, wajua kwamba «Jitu la Uganda» lilizaliwa Mississippi? Kamala alikuwa James Harris, Mmarekani mweusi kutoka Senatobia. Mwaka 1982, huko Memphis, waandaaji wa mieleka Jerry Lawler na Jerry Jarrett walimpa rangi za usoni, mkuki na kinyago. Watangazaji wakauambia ulimwengu kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Ilikuwa sehemu ya mchezo asijue hata kumbana mpinzani: alimlalia akiwa ameanguka kifudifudi, na mtu anayemwongoza akapiga kelele amgeuze. Harris alikuwa mtu mpole, aliyekatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, akafariki Agosti 2020. Sina ugomvi naye, alikuwa anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni na maneno yaliyotumika juu yake, kwa kuwa mamilioni ya watu waliijua Uganda kwa midomo ya watangazaji wale tu. Zaidi ya miaka 40 baadaye, vijana wa Mukono wanapigana kwa majina waliyojichagulia, wakitangazwa na Mganda. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mkanda wowote.

Je, wajua mtangazaji mmoja aliwahi kulivunja jina la Kiswahili hewani? Mwaka 1990 WWF ilimleta Tony Atlas, mkongwe aliyejulikana sana, ikamvika manyoya na ngao na kumwita Saba Simba. Roddy Piper, aliyekuwa kwenye maiki, akasema waziwazi kwamba huyo ni Tony Atlas. Mhusika huyo hakudumu.

Je, wajua Idi Amin mwenyewe nusura apande ulingoni na mwanamieleka? Amin alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika uzani wa juu mwepesi miaka ya 1950. Mapema 1979 ilitangazwa Japani kwamba angepambana Kampala na Antonio Inoki, yule aliyetoka sare na Muhammad Ali jijini Tokyo tarehe 26 Juni 1976 katika raundi 15 ambazo alizimaliza nyingi akiwa amelala chali akimpiga Ali mateke miguuni. Ali ndiye angekuwa mwamuzi. Pambano lilipangiwa Juni. Tarehe 11 Aprili majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yakaiteka Kampala, na Amin akawa ameshakimbia.

Je, wajua Kinshasa mieleka huitwa *catch*, na kuna wanaopigana kwa uganga? Edingwe ndiye nyota mashuhuri wa mtindo huo. Mpinzani anaweza kuanguka bila kuguswa. Sidhani ingefaa Biliqo, ambako wazee wangefunga shoo kabla ya pambano la pili.

Je, wajua binti mwenye hijabu alishawahi kutwaa mkanda? Nor Diana wa Malaysia, anayepigana kwa jina la Phoenix, aliwashinda wanaume wanne mwaka 2019 na kuchukua ubingwa wa Wrestlecon wa Malaysia Pro Wrestling, kichwa chake kikiwa kimefunikwa. Mwaka huo huo, tarehe 31 Oktoba mjini Riyadh, Natalya na Lacey Evans wakapigana pambano la kwanza la wanawake la WWE nchini Saudi Arabia, wakiwa wamejistiri kuanzia shingoni hadi vifundoni. Atakayesema wasichana wetu hawana nafasi ulingoni kwa ajili ya mavazi, aonyeshwe video hizo mbili.

Je, wajua ishara ambayo kila mtangazaji lazima aitambue? Mwamuzi akipishanisha mikono juu ya kichwa ikaunda msalaba wa X, mtu ameumia kweli. Hapo mzaha unakoma na sauti inashuka.

Aliyeonyesha jinsi ya kufanya hivyo ni Jim Ross, mtangazaji wa WWF. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, mwanamieleka Owen Hart alikuwa akishushwa kutoka darini kuelekea ulingoni, kifaa kikaachia, akaanguka. Kamera hazikuonyesha. Ross ilimbidi awaambie watazamaji wa nyumbani, waliozoea kuambiwa kila kitu ni cha kutisha, kwamba hili si sehemu ya burudani. Alitumia sentensi fupi, hakupiga kelele. Jerry Lawler, mtangazaji mwenzake, aliondoka mezani kwenda kutazama, akarudi uso umebadilika. Baadaye Ross akatangaza kwamba Hart amefariki. Waliokuwa ukumbini hawakuambiwa usiku ule, na shoo iliendelea, uamuzi ambao hadi leo siwezi kuutetea. Lakini wale waliokuwa nyumbani walipata ukweli kutoka kwa mtu waliyemwamini, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amejua wakati wa kupaza sauti na wakati wa kuishusha.

Je, wajua mtangazaji wa shoo ndogo hufika saa ngapi? Kabla ya wote. Anazunguka na karatasi na kalamu, anamfuata kila mwanamieleka akifunga viatu au akinyoosha shingo, anauliza: unatoka wapi, umeshindwa na nani, pigo lako la mwisho unaliitaje, kuna kiungo kinachokuuma ambacho nisikitaje? Anamwuliza mwamuzi mapambano mangapi na la mwisho liishe lini, maana bila taa, ikifika magharibi kamera za simu hazioni kitu. Na jina anamwambia kila mmoja alitamke mwenyewe, kisha alirudie naye mpaka likae sawa, kwa kuwa Biliqo mama yake huyo kijana atakuwa amekaa mstari wa mbele.