Uvuvi wa Jioni Mtoni na Makatazo Yake

Kila mwalimu akaaye karibu na mto amepata kumsikia mzee akimkanya kijana asiende mtoni jua likichwa, kwa kuwa mto una wenyewe. Wengi wetu twalisikia neno hili tukacheka, tukidhani ni habari za mizimu tu. Twataka kuonyesha hapa ya kuwa onyo hilo lina maarifa ndani yake, na kwamba mwalimu alitupaye pasipo kulichunguza aweza kumponza mwanafunzi wake.

Tuanze Ngarenaro, katika Arusha. Jina hili ni la Kimasai: enkare ni maji, na narok ni -eusi, yaani, Maji Meusi. Vivyo hivyo Ngare Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, maana yake ni Maji Mekundu. Waliotoa majina hayo waliyajua maji kwa ajili ya ng'ombe, si kwa ajili ya samaki. Maana kwa desturi ya zamani Wamasai, na Waarusha wasemao lugha hiyo, hawakula samaki. Basi mwalimu mgeni asidhani kwamba mzee akataaye kitoweo cha samaki amemdharau mwenyeji wake.

Leo Ngarenaro ni mtaa wa mji wenye nyumba tele, wala hapana kiboko tena kandokando yake. Lakini maji ya Arusha hayakomi mjini. Hufuata mto Themi hata Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Na kutoka hapo mto Pangani hushuka mpaka baharini. Huko chini wapo wavuvi, na wapo viboko na mamba vilevile.

Kwa nini mvuvi apende jioni? Jibu ni kambare. Samaki huyu hana magamba, na hutafuta chakula gizani kwa kupapasa na sharubu zake. Ndizo sharubu zilizowapa Waswahili methali ya nyumba ya kambare, mkubwa ana sharubu na mdogo ana sharubu, wakimaanisha nyumba isiyo na adabu. Basi mvuvi hutega mgono wake jua likielekea kuchwa, akauopoa alfajiri. Au huketi na ndoana yenye nyungunyungu, akingoja mshipi utikisike.

Saa iyo hiyo ndiyo saa ya wenyewe. Kiboko hushinda majini mchana kutwa, na giza likiingia hutoka kwenda malishoni, akifuata njia ile ile usiku baada ya usiku. Hali nyama ya mtu. Ila akishtuka hukimbilia majini, na amkutaye katikati ya njia humkanyaga au humwuma. Mamba naye ana werevu mwingine: hujificha majini penye kivuko au penye kuteka maji, akingoja wanaorudi mahali pale pale. Macho yake humulika mwanga wa taa kama makaa ya moto. Lakini asiye na taa haoni kitu.

Tukiyatazama makatazo ya wazee kwa nuru hii, kila moja lina sababu yake. Kijana asiketi penye nyasi zilizolazwa, maana ni njia ya kiboko. Asipasulie samaki ukingoni, kwa kuwa damu na matumbo huwaita mamba. Asiteke maji kila siku mahali pamoja. Asiende peke yake, wala asiondoke pasipo kuwaarifu watu wa nyumbani. Na akikuta kiboko nchi kavu, asisimame kati yake na maji.

Basi twawasihi walimu wenzetu na mapadre: mtoto akisema darasani kwamba mto una wenyewe, msimkemee mbele ya wenzake. Mwulizeni ni nani wenyewe hao, hutoka saa ngapi, na hupita wapi. Akijua kujibu, ameutunza urithi wa babu zake na uhai wake pia. Asipojua, mfundisheni, kwa maana amchekaye mzee leo hana wa kumwuliza njia kesho, na mto haumngoji mtu ajifunze. Wahenga walisema, usimtukane mamba hujavuka mto.