Amonaiti: Pembe za Kondoo Zilizogeuka Madini

Wako watu wakusanyao stempu, wako wakusanyao sarafu za kale, na wako wakusanyao vipepeo. Wako pia, katika nchi nyingi za ulimwengu, watu wakusanyao mawe ya namna moja ya ajabu. Mawe hayo yamejikunja mfano wa pembe ya kondoo dume, nayo yakikatwa na kung'arishwa hutoa rangi ambazo hakuna mtu angezitazamia ndani ya jiwe. Huitwa amonaiti. Makusudi ya makala hii ni kueleza mawe hayo ni kitu gani, yalipataje rangi zake, hung'arishwa kwa njia gani, na jambo gani hulifanya jiwe moja liwe hazina ya elimu na jingine liwe pambo la mezani tu.

Jina lenyewe lina asili ya Afrika. Wamisri wa kale walikuwa na mungu wao aliyeitwa Amoni, naye alichorwa mara nyingi mwenye pembe za kondoo dume. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliandika habari za jiwe liitwalo pembe ya Amoni, lenye rangi ya dhahabu. Alisema kwamba lilihesabiwa katika mawe matakatifu sana ya Ethiopia, jina ambalo siku hizo lilitumika kwa nchi za kusini ya Misri, na kwamba watu waliamini ya kuwa humletea mtu ndoto za kutabiri. Huko Whitby, katika pwani ya mashariki ya Uingereza, watu walisimulia kwamba mawe hayo ni nyoka waliogeuzwa na Mtakatifu Hilda, mkuu wa watawa aliyekufa mwaka 680. Kwa kuwa nyoka hao hawakuwa na vichwa, wachuuzi wa mji walivichonga wenyewe mwishoni mwa jiwe, ili mnunuzi asipate shaka!

Lakini hizo hazikuwa pembe, wala hawakuwa nyoka. Ni magamba ya wanyama wa baharini, jamaa za pweza na ngisi. Jamii yao ilitokea yapata miaka milioni 400 iliyopita, ikaenea katika bahari zote, ikatoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule walipotoweka wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria. Wengi walikuwa wadogo wa kutosha kiganjani, lakini mmoja aliyepatikana Seppenrade, Ujerumani, mwaka 1895, gamba lake lina upana wa zaidi ya mita 1.7. Mtu mzima aweza kusimama kando yake asilipite kwa urefu.

Mnyama huyo hakuishi katika gamba lote. Alikaa katika chumba cha mwisho, kile chenye mlango. Kila alipokua alisogea mbele, akajenga ukuta nyuma yake, na hivyo chumba kikaongezeka juu ya chumba. Vyumba vya nyuma vilibaki na hewa, na mrija mwembamba ulipita katika vyote, nao ukamsaidia kupunguza maji yaliyokuwamo ili aelee bila kuchoka. Tafadhali yakumbukeni maneno haya ya vyumba, maana ndivyo vinavyotafutwa na mwenye kulikata jiwe.

Sasa, gamba liligeukaje kuwa madini? Mnyama alipokufa, gamba lilizama likafunikwa na matope. Kwa muda wa miaka mingi sana matope yaliongezeka, yakagandamizwa, yakawa mwamba. Maji yapitayo katika mwamba huchukua madini yaliyoyeyuka ndani yake, kama chai ichukuavyo sukari. Tazameni ndani ya birika ambalo limechemshia maji ya kisima kwa miezi mingi. Mara nyingi mtaona tabaka gumu jeupe. Hiyo ni chokaa iliyokuwa ndani ya maji, ingawa maji yalionekana safi. Vivyo hivyo maji yaliingia katika vyumba vitupu vya amonaiti, yakaacha humo madini kidogo kidogo. Mahali pengine hata gamba lenyewe liliyeyuka, na madini mengine yakashika nafasi yake. Mabaki ya namna hii ya viumbe vya kale ndiyo yaitwayo visukuku.

Madini yaliyomo hutegemea mahali, na kwa sababu hiyo amonaiti za nchi mbalimbali hazifanani. Nitataja aina tatu ambazo wakusanyaji huzipenda zaidi.

Ya kwanza ni amonaiti za kalsaiti, ambayo ni fuwele za chokaa. Zilizo mashuhuri hutoka kwa jirani zetu wa Madagaska, mahali paitwapo Ambatolafia, karibu na Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Umri wake ni yapata miaka milioni 110. Zikikatwa katikati, kila chumba huonekana kimejaa fuwele za rangi ya asali, nyeupe au kahawia, na kuta za vyumba hupita kati yake kama fito za dirisha. Vyumba vingine havikujaa, nanyi mtaona fuwele ndogo zikimetameta pangoni mwake.

Ya pili ni amonaiti za pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa yang'aayo kama dhahabu. Hizi hupatikana sana katika pwani ya Charmouth na Lyme Regis, kusini mwa Uingereza. Matope yaliyofunika magamba hayo hayakuwa na oksijeni. Vijidudu vilivyokuwa vikila mabaki ya mnyama vilitoa gesi inukayo kama yai viza, na salfa ya gesi hiyo ikaungana na chuma kilichokuwamo matopeni. Huenda jiwe la rangi ya dhahabu aliloliandika Pliny lilikuwa la namna hii.

Ya tatu ni ile yenye amolaiti, itokayo katika jimbo la Alberta, Kanada, yenye umri wa yapata miaka milioni 71. Hapa gamba la asili halikuondoka. Limebaki kama lilivyokuwa, tabaka nyembamba juu ya tabaka, na mwanga ukiingia kati ya tabaka hizo hurudi na rangi nyekundu, kijani, na mara chache buluu. Hakuna rangi iliyopakwa. Ni jambo lile lile tulionalo katika povu la sabuni, au mafuta ya taa yamwagikapo juu ya maji. Wenyeji wa huko, watu wa kabila la Blackfoot, tangu zamani huyaheshimu mawe ya amonaiti na kuyahesabu kuwa yenye baraka katika mawindo ya nyati. Mwaka 1981 amolaiti ilikubaliwa rasmi katika biashara ya dunia kuwa kito, na mwaka 2004 ikawa kito rasmi cha Alberta.

Kazi ya kung'arisha si ngumu kueleza, lakini yataka saburi. Kwanza jiwe hukatwa katikati kwa msumeno wa duara wenye unga wa almasi ukingoni. Maji humwagwa juu yake muda wote, ili msumeno usishike moto, na ili vumbi lisiruke, kwa maana vumbi la mawe huharibu mapafu. Kisha uso uliokatwa husuguliwa kwa msasa wa maji, kwanza ulio mkwaruzo, halafu ulio laini, halafu ulio laini zaidi. Kila mara jiwe huoshwa vizuri kabla ya kubadili msasa, kwa kuwa chembe moja kubwa ikibaki huchora mstari katika kazi yote. Mwisho hupigwa kwa kitambaa na unga laini sana mpaka uso uakisi kama kioo.

Fundi hana budi kujua ugumu wa jiwe lake. Katika kipimo cha 1 hadi 10, ambacho almasi ni 10, kalsaiti ni 3 tu, na kisu huikwaruza mara moja. Amolaiti ni karibu 4, tena tabaka lake mara nyingi halifiki unene wa milimita moja; kwa hiyo watengenezaji wa pete huifunika kwa kipande cha jiwe gumu lipitishalo mwanga. Pairaiti hufika 6 au zaidi.

Basi hapa ndipo penye shaka, nami naomba tuifikirie pamoja. Kung'arisha ni kuondoa. Katika kukata, twapata kuona vyumba. Katika kusugua upande wa nje, twapata kuona mishono ya kuta, iliyopindapinda kama ukingo wa jani. Lakini mbavu, nundu na miiba ya gamba la nje husagika, wala hairudi tena. Mara nyingi mtaalamu hutambua aina ya amonaiti kwa alama hizo. Kwa hiyo yafaa kung'arisha zile zipatikanazo kwa wingi ambazo zimekwisha kujulikana, na kutozigusa kwa msasa zile ambazo jina lake bado halijulikani.

Hatari nyingine ni ugonjwa wa pairaiti. Ndiyo, jiwe nalo huugua! Pairaiti ikikaa katika hewa yenye unyevu huungana na oksijeni, ikatoa unga mweupe au wa manjano pamoja na asidi kali. Jiwe hupasuka, na asidi hula sanduku na karatasi zilizo karibu. Amonaiti iliyokaa salama ardhini miaka milioni 190 yaweza kuanguka kuwa unga kabla mwenyewe hajazeeka. Katika nchi zetu zenye mvua nyingi jambo hili ni la kuangaliwa sana. Iwekeni katika chombo kifungikacho vizuri, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha ambavyo huja ndani ya sanduku la viatu vipya. Mkiona unga umeanza, liondoeni jiwe hilo kati ya wenzake upesi.

Mnunuzi ajihadhari pia na udanganyifu. Viko vipande vya amonaiti tofauti vilivyounganishwa kwa gundi, na viko vilivyochongwa kwa mkono katika mwamba. Tazameni kwa kioo cha kukuzia: vipovu vidogo vya hewa ni dalili ya gundi au plastiki, na mstari wa vyumba ukikatika ghafula, kuna sababu.

Lakini kitu kipitacho vyote kwa thamani katika mkusanyo hakina mng'aro wowote. Ni kile kipande cha karatasi kielezacho mahali jiwe lilipotoka. Aina nyingi za amonaiti ziliishi kwa muda mfupi, kisha zikatoweka zikafuatwa na nyingine. Kwa ajili hiyo, Mjerumani Albert Oppel, katika miaka ya 1850, aliweza kuzipanga tabaka za miamba kwa kufuata amonaiti zilizomo. Hata kule Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria tangu mwaka 1909 hata 1913, visukuku vya baharini, amonaiti zikiwamo, vilisaidia kuujua umri wa tabaka. Amonaiti isiyojulikana ilikotoka ni saa isiyo na mishale: ni nzuri, lakini haisemi ni saa ngapi.

Kwa hiyo, wekeni namba kwa wino juu ya kila jiwe, upande usioonekana, na namba hiyo muiandike daftarini. Kwa mfano: "Na. 7. Amonaiti ya kalsaiti, imekatwa na kung'arishwa. Ambatolafia, Madagaska. Imenunuliwa." Kisha andikeni tarehe. Maneno hayo machache yatosha.

Mwisho, nina neno kwa ninyi mliotutangulia shuleni, hasa mlio katika kazi za barabara, visima na machimbo ya mawe. Amonaiti zimepatikana katika miamba ya karibu na Mombasa na katika nchi ya Lindi na Kilwa. Mkikutana nazo, msizing'oe kwa haraka. Pigeni picha, andikeni mahali, mkatoe habari katika makumbusho ya nchi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa huvilinda vitu vya namna hiyo, na Kanada nayo hutaka kibali kabla kisukuku cha amonaiti hakijatolewa nje. Wala msichimbe chini ya mwamba ulegeao. Mary Anning wa Lyme Regis, mkusanyaji mashuhuri aliyeishi tangu 1799 hata 1847, alipoteza mbwa wake katika maporomoko mwaka 1833, naye mwenyewe aliponea chupuchupu.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Walisema hayo kwa wafanyabiashara, lakini ni kweli vile vile kwa mkusanyaji wa mawe.