Je, Wajua Namna Kompyuta Inavyoutambua Ukame wa Tarbaj?

Huko Tarbaj, katika kaunti ya Wajir nchini Kenya, ambako riziki za watu wengi zimo katika ngamia, ng'ombe na mbuzi, hali ya malisho hupimwa hata kutoka angani. Kwani setilaiti huusoma ukijani wa nchi, na kipimo chake, kikisha kulinganishwa na kile cha chini kabisa na kile cha juu kabisa vilivyopata kuonekana hapo katika majira kama hayo, hugeuzwa kuwa tarakimu baina ya 0 na 100. Kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 35 ni ukame wa kadiri, chini ya 20 ni ukame mkali, na chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Kuanzia 2015, mpango wa HSNP, wa kuzigawia fedha nyumba maskini, ulizitumia daraja hizo kuamua lini msaada wa dharura uzifikie hata nyumba zisizokuwa katika orodha ya kawaida.

Sijui zoezi lifaalo zaidi kuliko kuziandika daraja hizo katika programu, kwa mwanafunzi anayeianza lugha ya Python na kutaka kuyafahamu masharti, yaani amri zisemazo: iwapo jambo hili ni kweli, fanya hivi, vinginevyo, fanya vile. Aghalabu huyapanga kama yalivyotajwa hapo juu, 35 kwanza na 10 mwisho, na hapo ndipo anapoharibikiwa. Tuseme kipimo ni 8. Mashine huuliza: je, 8 ni chini ya 35? Naam, basi hutamka kuwa ukame ni wa kadiri, na masharti yaliyosalia katika mfuatano huo haiyatazami tena. Programu haikusita wala haikuonya, ilhali aliyestahiki msaada amekwisha dhulumiwa. Dawa yake ni kulitanguliza sharti lililo zito, 10, kisha 20, kisha 35.

Mpaka nao wataka hadhari: "chini ya 20" haimwingizi mwenye 20 kamili, na aandikaye "20 au chini" ameibadili sheria kwa alama moja tu.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni lile tawi la vinginevyo, ambalo hupokea kila kilichokataliwa na masharti yote. Mawingu yakiizuia setilaiti, pengine nafasi ya kipimo hujazwa NaN, alama ya kutokuwapo kwa tarakimu; nayo, ikiulizwa kama ni chini ya namba yoyote ile, jibu huwa si kweli. Basi hulipita sharti la 10, na la 20, na la 35, na mahali pasipopata kuonekana huandikwa kuwa pana malisho ya kutosha. Ndiyo sababu mwandishi mzoefu wa programu, kabla ya kuuliza kama kipimo ni kidogo, huuliza kwanza kama kipimo kipo.