Shuka la Hospitali na Kitambulisho Chake

Wanajumuiya na akina mama wa WAWATA waendao kuwatazama wagonjwa wanajua kwamba katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hulalia kanga au shuka la maua lililotoka nyumbani. Baadhi yenu mmetuuliza: mashuka ya hospitali huenda wapi?

Tuanze na hesabu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, hapa Upanga, ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na leo ina vitanda vipatavyo 1,500. Kitanda kimoja huhitaji mashuka mawili. Wataalamu husema kila kitanda kiwe na jozi tatu angalau: moja kitandani, moja kwa dobi, na moja stoo. Basi hospitali ya ukubwa huo yahitaji mashuka 9,000, mbali na foronya, blanketi na nguo za chumba cha upasuaji. Mnakumbuka Novemba 2015, Rais Magufuli alipoagiza fedha za tafrija ya Bunge zinunue vitanda vya Muhimbili. Vililetwa vitanda 300 pamoja na magodoro na mashuka. Kitanda hukaa mahali pake miaka, lakini shuka hutembea kila siku.

Tena hutembea mbali. Mgonjwa akihamishwa kwa machela kutoka jengo moja kwenda jingine, shuka humfuata. Marehemu huondoka amefunikwa. Mengine huchanika, mengine hufungwa na nguo za mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani. Watu wengi husema tu “yameibwa”, lakini bila hesabu hakuna awezaye kujua lipi liliibwa na lipi limekwama stoo ya wodi nyingine.

Hapo ndipo afya inapoingia. Ili kuhesabu mashuka machafu kwa mkono, mtu hufungua furushi na kuyashika moja moja, yenye damu, usaha au kinyesi. Mara nyingine sindano imejificha ndani. Vijidudu vingine huweza kuishi kwenye kitambaa kwa siku kadhaa, hata wiki. Shuka likikung'utwa, hurusha vumbi na vijidudu hewani. Kwa sababu hiyo shuka chafu hukunjwa taratibu kwa ndani, hutiwa kwenye mfuko palepale kitandani, wala halihesabiwi wodini. Lakini lisipohesabiwa, litapotea. Huo ndio mtego.

Katika nchi za Ulaya na Marekani hospitali nyingi zimeutegua kwa kitambulisho cha redio, kiitwacho kwa kifupi RFID. Ni kipande chembamba, urefu wake kama kidole, kinachoshonewa ndani ya pindo la shuka. Ndani yake mna chipu ndogo na antena, wala hakina betri. Chombo cha kusomea kikituma mawimbi ya redio, chipu hupata nguvu kutokana na mawimbi hayohayo na kujibu kwa kutaja namba yake. Mfuko uliofungwa hupitishwa mbele ya chombo, na mashuka yote hujitaja kwa sekunde chache, bila mkono wa mtu kugusa kitu. Kompyuta huonyesha shuka lilitoka wodi gani, limefuliwa mara ngapi, na lini lilionekana mara ya mwisho. Chipu za kazi hii hutengenezwa zistahimili maji ya moto, sabuni na pasi, kiasi cha kufuliwa mara 200 hivi.

Jambo hili si geni kwetu. Pasipoti mpya za Tanzania, zilizozinduliwa mwaka 2018, zina chipu ya jamii hiyo. Wafugaji nao waliona mwaka 2025 ng'ombe wakivishwa hereni za kielektroniki katika kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo.

Je, mgonjwa atadhurika? Hapana. Chipu hukaa kimya mpaka iulizwe, na haijui nani amelala juu yake. Tahadhari iko kwenye mashine ya MRI, yenye sumaku kali: hospitali ichague chipu zilizopimwa kwa ajili hiyo. Tena maji na chuma huzuia mawimbi, hivyo furushi lililolowa chapachapa huweza kuficha baadhi ya mashuka, na hesabu hurudiwa yakishakauka.

Hata hivyo tusidanganyane, chipu haifui shuka. Hospitali isiyo na maji ya uhakika, mashine nzima na mashuka ya kutosha ianze na hayo, na daftari la dobi lijazwe kila siku.

Nasi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Mgonjwa akiruhusiwa, tazameni furushi lake kabla ya kutoka, na shuka lenye chapa ya hospitali mpeni muuguzi wa wodi. Mashuka mliyoleta kutoka nyumbani yabebeni katika mfuko uliofungwa, msiyakung'ute, na yafueni peke yake kwa sabuni na maji ya moto. Yenye damu mvae glavu kwanza. Yaanikeni juani hadi yakauke kabisa, kisha pigeni pasi. Na jumuiya inayotaka kutoa msaada wa mashuka imwulize kwanza muuguzi mkuu ukubwa na rangi inayotakiwa, maana ya rangi nyeupe huonyesha uchafu upesi na hustahimili dawa ya klorini.