Mkweli na Mwongo Penye Njia Panda ya Feri

Jioni moja tukingojea kivuko cha Likoni pale Feri, tuliwatega watoto kitendawili ili wasichoke kusimama.

Mgeni haijui njia. Mbele yake njia ni mbili: moja yashuka kivukoni, nyingine yaelekea Mama Ngina. Hapo wamesimama ndugu wawili wajuanao vyema. Mmoja husema kweli daima, mwingine uongo daima, wala mgeni hajui yupi ni yupi. Ameruhusiwa swali moja, kwa mmoja wao tu. Aulize nini?

Jawabu ni hili: "Nikimwuliza mwenzako njia ya kivukoni, atanionyesha ipi?" Mkweli atautaja uongo wa mwenzake kama ulivyo; mwongo ataugeuza ukweli wa mwenzake. Wote wawili wataonyesha Mama Ngina. Basi mgeni na ashike njia ile nyingine. Mafumbo ya jinsi hii yalipata umaarufu kwa kitabu cha mwaka 1978 cha mwanahisabati wa Marekani, Raymond Smullyan.

Binti yetu akatafakari, kisha akauliza: "Na kama mwongo siku nyingine husema kweli?"

Tulinyamaza. Hapo swali la mgeni lavunjika. Mwongo wa kitendawili ana msimamo, ndiyo maana hata uongo wake watuongoza. Mwongo wa mjini huchanganya. Hutuma ujumbe wa simu: "Nimekutumia pesa kwa makosa, tafadhali nirudishie." Adabu ipo na kiasi kimeandikwa sawasawa, ila pesa hazikuingia. Mama aliyesongwa na umati, mtoto mgongoni, hutuma karo ya wanawe akidhani arejesha amana ya mtu.

Huyo haulizwi swali. Mama na atazame salio lake mwenyewe. Na kama pesa zimeingia kweli, mtumaji aiombe kampuni ya simu izirudishe.

Nasi wazazi tujihesabu. Mtu abishapo hodi tukamtuma mtoto aseme hatupo, twawa huyo ndugu wa tatu asiyemo katika kitendawili. Kesho tukimwambia la kweli, atalijuaje? Mtume wetu (s.a.w.) aliitwa Al-Amin hata kabla ya utume, na watu wa Makka walimwekea amana zao. Nyumba yenye neno la namna hiyo haimhangaishi mtoto kutafuta swali la hila.