Mbwa wa Mbuzi Hulelewa na Mbuzi

Katika boma nyingi za Matinyani, Kitui, mbwa hupatikana bure na hufunzwa kwa fimbo. Mbwa wa jirani amezaa chini ya ghala. Mtoto mmoja anachukuliwa akiwa na wiki nne kwa sababu ameanza kulamba uji. Anafungwa kamba ya katani kwenye mwembe mpaka akomae. Akitimiza mwaka anatarajiwa kulinda mbuzi. Akishindwa, lawama zinaangukia ukoo wake: huyu ni wa kienyeji tu, afadhali ningetafuta wa kizungu. Mimi niko upande wa mbwa wa kienyeji. Ubaya haumo katika damu yake, umo katika zile wiki alizokaa mwembeni.

Kuna muda mfupi katika maisha ya mbwa anapojifunza nani ni wa kwao. Wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walilea watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine, na katika kitabu chao cha 1965 walionyesha kwamba muda huo huanza mbwa akiwa na wiki tatu hivi na kufifia karibu na wiki ya kumi na mbili. Raymond Coppinger, aliyewafuatilia mbwa walinzi wa mifugo kuanzia miaka ya 1970, aliusogeza hadi wiki ya kumi na sita. Aliyekaa na watu peke yao katika wiki hizo atajihesabu mmoja wa watu, na mbuzi kwake watakuwa vitu vinavyokimbia. Aliyekaa na mbuzi atawafuata mbuzi, atalala nao, na fisi akisogea usiku atabweka kwa sababu wa kwao wameingiliwa.

Hili wachungaji walilijua kabla ya maabara. Charles Darwin alipopita Uruguay mwaka 1833 alikuta wafugaji wakimtenga mtoto wa mbwa na mama yake mapema, wakimnyonyesha kwa kondoo mara kadhaa kwa siku na kumtandikia sufu ndani ya zizi. Wanavajo wa kusini magharibi mwa Marekani walilindiwa kondoo na mbwa wa kila rangi na kila ukubwa, chotara watupu, ila wote walikulia zizini. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki tangu 1994, na kazi wanaifanya vizuri. Lakini Botswana wahifadhi wamegundua kwamba mbwa wa Kitswana, ndugu kabisa wa hawa wetu, hulinda vyema na hula kidogo. Na karibu zaidi na nyumbani, utafiti wa Rosie Woodroffe na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha Laikipia, ulionyesha kwamba makundi madogo ya mifugo yanayochungwa mchana na watu pamoja na mbwa hushambuliwa kidogo kuliko mengine.

Tusidanganyane, lakini. Mbwa wa kilo kumi na tano hampigi fisi. Kazi yake ni kusikia mapema na kupiga kelele, adui aone ameshajulikana nawe upate nafasi ya kutoka na tochi. Matinyani si Tsavo. Mara nyingi anayekuja usiku ni mwizi, au kundi la mbwa wanaozurura, ambao huua mbuzi wengi kuliko watu wanavyotaka kukiri. Kwa wote hao kelele inatosha.

Basi mchukue akiwa na wiki nane, si nne. Zile wiki nne za ziada mama na ndugu zake wanamfundisha kung'ata bila kuumiza, somo ambalo wewe huwezi kulifundisha. Kama mbwa amezaa kwako, msogeze pamoja na wanawe wakae ubavuni mwa zizi, watoto wafumbue macho harufu ya mbuzi ikiwa puani.

Ndani ya zizi mtengee kona kwa fito, zenye nafasi ya yeye kupenya lakini si mbuzi. Humo awe na maji, kivuli na gunia la kulalia. Wenzake wa kwanza wachague: wanambuzi wawili watatu walioachishwa kunyonya, na mbuzi mmoja mzee mtulivu. Mbuzi aliyezaa juzi usimweke humo, kwani atampiga pembe, na kijibwa aliyeumizwa vibaya katika umri huo anaweza kuwaogopa mbuzi maisha yake yote. Mkutano wa kwanza utazame kwa makini. Mbuzi mzee atanusa na kupiga kwato. Kijibwa mwenye mwelekeo mzuri atalaza masikio, atageuza uso pembeni, pengine atalala chali na kuonyesha tumbo, kisha atajaribu kumlamba mbuzi mdomo. Anayekaza macho, akainama na kunyata, ana tabia ya kuwinda. Huyo si wa zizini, mtafutie kazi ya getini.

Chakula chake pia akilie humo humo. Mbwa anayelishwa mlango wa jikoni atashinda mlango wa jikoni, na ukimpeleka malishoni atarudi saa nne asubuhi kuangalia sufuria.

Juu ya chakula sina budi kukaa kidogo, maana Ukambani kina hatari mbili ambazo watu hawazihesabu. Ya kwanza ni mahindi yaliyooza. Mwaka 2004 sumukuvu iliwagonjesha watu 317 nchini Kenya na kuua 125, wengi wao Makueni na Kitui. Somo lilieleweka kwa upande wa watu: mahindi yenye ukungu hayaliwi. Yanakwenda wapi? Katika nyumba nyingi yanasagwa na kupikiwa mbwa, ilhali mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Kijibwa anayekataa kula ghafla, akatapika, macho yakawa ya njano, mara nyingi husemwa amewekewa sumu na jirani. Kabla ya kumshuku jirani, angalia gunia la unga wake. Mpe ugali wa unga safi, uchanganye na omena au mchuzi wa mifupa. Wa wiki nane hula mara tatu au nne kwa siku, wa miezi sita mara mbili.

Ya pili ni kichwa cha mbuzi. Mbuzi akichinjwa, ubongo, mapafu na ini lenye malengelenge hutupiwa mbwa vikiwa vibichi. Ndani ya ubongo kunaweza kuwa na kifuko cha maji chenye watoto wa tegu. Mbwa akikila, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, yanabaki kwenye majani, na mbuzi wako wanayala. Miezi kadhaa baadaye unamwona mbuzi amepinda shingo, anazunguka upande mmoja tu, anagonga ua kama kipofu. Mlinzi ndiye aliyemwambukiza. Malengelenge ya mapafu na ini huleta tegu wa aina nyingine anayeingia hata kwa binadamu. Dawa yake ni rahisi: chemsha sawasawa, au choma moto na kuzika. Minyoo ya kawaida mpe dawa kuanzia wiki ya pili, kila wiki mbili hadi miezi mitatu, kisha mara kwa mara kwa kadiri ya uzito wake. Kwa tegu omba agroveti dawa yenye prazikwanteli. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe usimmwagie mtoto wa mbwa. Wengi hufa kwa kuogeshwa.

Kati ya mwezi wa nne na wa kumi atakuvunja moyo. Ni ujana: anavuta wanambuzi masikio, anawakimbiza, anarudi na manyoya mdomoni akitikisa mkia. Hapa ndipo wengi huchukua fimbo, na mbwa hujifunza jambo moja tu, kwamba mwenye boma akiwepo hakuna kucheza. Mhamishie kwa mbuzi wakubwa wenye pembe, ambao watamrudi wao wenyewe. Akizidi, mning'inizie shingoni kijiti kinachofika magotini. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinamgonga miguu. Mbuzi asiachwe naye bila mtu kipindi hiki. Na wakanye vijana wa boma na ule mchezo wa kupiga mluzi na kusema "shika! shika!" kila tumbili anapoingia shambani. Aliyezoeshwa kufukuza tumbili mchana hatatofautisha sana anapomwona mwanambuzi akiruka.

Wapo wanaosema mbwa wa zizini asiguswe kabisa na watu asije akalegea. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembeni mwa Nairobi. Mpango wa taifa wa 2014 uliweka 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo vya watu, na Makueni na Kitui zikawa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Lengo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Chanjo ikija sokoni au shuleni, mbwa anayekosa si wa mtu mkaidi. Ni yule asiyeshikika, ambaye akiona kamba anajitupa chini ya ghala na kuonyesha meno.

Kwa hiyo kila jioni mshike dakika chache. Mfungue mdomo, mpapase masikio ukitafuta kupe, mwinue nyayo moja moja utazame funza. Mvishe ukanda, mtembeze kwa kamba hadi barabarani aone bodaboda na wageni. Mwite kwa neno moja lisilobadilika, "ũka" au "njoo", akifika apate kitu kinywani. Usimwite kamwe ili umwadhibu. Chanjo ya kichaa apate akiwa na miezi mitatu na irudiwe kila mwaka. Ile ya pavo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa mpaka ya kumi na sita. Ina gharama, lakini pavo inaweza kumaliza uzao mzima kwa wiki moja.

Kama ni dume na hutaki mbegu yake, ahasiwe kabla ya mwaka. Wafugaji wanaomhasi beberu bila kusita humwonea mbwa huruma, halafu wanashangaa akipotea siku tano kila jike la kijiji kingine linapoingia joto, mbuzi wakiwa peke yao. Kuhasi jike ni ghali zaidi, na pengine ndiyo sababu wengi huchagua dume.

Usimpe kundi zima kabla ya mwaka na nusu. Na ukiweza kulisha wawili, chukua wa pili wa kwanza akiwa na miaka miwili: mmoja hubaki na mbuzi wakati mwingine akienda kuangalia kinachotikisa kichaka.