Wimbo wa Nyumbani: Hupoza Moyo au Hutonesha Kidonda?



Leo hatuzungumzii malaria wala kichocho. Tunazungumzia kitu ambacho si ugonjwa, lakini kinaweza kumkosesha mtu usingizi, kumfunga hamu ya kula na kumtoa machozi akiwa kazini. Wazee wanakiita ukiwa wa ugenini. Mtu yuko mbali, anakumbuka kwao. Na hakuna kitu kinachouamsha ukiwa huo haraka kama wimbo. Unapigwa dakika moja tu, mtu yuko jikoni Maskati, lakini moyo umeshafika Kidichi.

Pengine utasema, "Hayo yananihusu nini mimi, na hata boti ya kwenda Dar es Salaam sijaipanda?" Yanakuhusu. Darasani kwenu hawakosi wenzako ambao mama, kaka au shangazi yao yuko Oman, Dubai au London. Na kesho huenda ukawa wewe, japo ni kwa kwenda skuli ya bweni tu.

Wanawake wawili, ugeni mmoja

Tuanze hapa hapa kwetu. Yale mahamamu ya Kidichi ambayo wageni huja kuyapiga picha yalijengwa mwaka 1850. Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, aliyajenga kwa ajili ya mke wake aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Ukiingia ndani utaona nakshi za chokaa za maua, miti na ndege, kwa mtindo wa Kiajemi. Yaani katikati ya minazi na mikarafuu, mwanamke mgeni aliwekewa kipande cha kwao.

Sasa teremka mpaka Mtoni, ufukweni. Hapo mwaka 1844 alizaliwa Salme, binti wa Seyyid Said huyo huyo. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka 1867 aliolewa huko Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akaitwa Emily, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu. Salme akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, na lugha ambayo bado alikuwa anajifunza.

Alifanya nini? Alikumbuka, na akaandika. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1886, na humo ameeleza jumba la Mtoni kama vile analiona: tausi na paa wakizunguka uani, mahamamu, na roshani ambayo baba yake alikuwa akitembea huku na huku akiwaza. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena. Katika vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao Hamburg.

Angalia basi. Mmoja alitoka kwao akaja kwetu, mwengine alitoka kwetu akaenda kwa watu. Wote walikuwa na jamaa za kifalme. Cheo hakizuii ukiwa, wala fedha haizuii. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema, "Analilia nini na yuko Ulaya?", mwambie asome habari za Salme.

Kutoka santuri mpaka simu

Salme alipoondoka hapakuwa na njia ya kubeba sauti. Mchanga uliwezekana, wimbo haukuwezekana. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha ilitengenezwa na Thomas Edison, Marekani, mwaka 1877.

Kwetu mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1928. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, akarekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Santuri zile zikasambaa pwani nzima. Sasa Mswahili wa mbali aliweza kusikia sauti ya Unguja bila ya kuwapo Unguja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi walihama. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Dubai na kwengineko. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi wenye asili ya Oman walikwenda huko, na mpaka leo ukitembea Maskati utasikia Kiswahili. Masandukuni mwao walibeba kanga, viungo, na baadaye kanda za kaseti. Kanda moja ya taarab ilikuwa ikinakiliwa nyumba kwa nyumba mpaka sauti inakwaruza. Leo kazi hiyo inafanywa na simu.

Na neno lenyewe "taarab" unajua limetoka wapi? Limetokana na neno la Kiarabu "tarab", lenye maana ya kuguswa moyo na muziki mpaka mtu ajisahau. Waliolipa jina walijua wanachokisema.

Ubongo unafanya nini?

Sasa tuingie kwenye sayansi kidogo. Usikimbie!

Sauti ikiingia sikioni hugeuzwa kuwa ishara na kupelekwa kwenye ubongo. Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ambazo ni majirani. Moja inaitwa hipokampasi. Kazi yake ni kusaidia kuweka na kutafuta kumbukumbu. Nyengine inaitwa amigdala. Hiyo inashughulika na hisia kama vile hofu na furaha. Tukio likitokea pamoja na hisia kali, majirani hawa hufanya kazi pamoja, na kumbukumbu ile inashika zaidi.

Fikiria harusi ya dada yako. Kuna ngoma, harufu ya udi, biriani, shangwe, na wimbo mmoja unarudiwa mara tano. Ubongo unavifunga vyote hivyo katika furushi moja. Miaka kumi baadaye ukiusikia wimbo ule, umeshika ncha ya kamba tu, lakini furushi zima linakuja: udi, biriani, hata uso wa bibi ambaye sasa ni marehemu.

Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha wanafunzi nyimbo za utotoni na ujanani mwao huku akipiga picha za ubongo wao. Aliona kwamba sehemu moja ya mbele, nyuma ya paji la uso, inafanya kazi zaidi wimbo unapoleta kumbukumbu za mtu mwenyewe. Na wataalamu wanakubaliana kwamba mtu mzima hukumbuka sana mambo ya kuanzia kiasi cha miaka 10 hadi 30. Hiyo ni kusema, nyimbo unazozipenda sasa hivi, ukiwa kidato cha pili, ndizo zitakazokutoa machozi ukiwa na miaka sitini. Hata baadhi ya wazee waliopoteza kumbukumbu kwa maradhi, wakisikia wimbo wa ujana wao huanza kuimba.

Kwa hiyo machozi ya wimbo si udhaifu, wala si kurogwa. Ni ubongo mzima unaofanya kazi yake.

Zamani waliita ugonjwa

Mwaka 1688 daktari kijana Johannes Hofer, huko Basel, Uswisi, aliandika kuhusu watu waliodhoofika kwa kukumbuka kwao. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, "kurudi nyumbani" na "maumivu", akapata jina: nostalgia. Mwaka 1768 Jean-Jacques Rousseau aliandika katika kamusi yake ya muziki kwamba askari wa Uswisi waliokuwa ugenini walikatazwa kupigiwa wimbo wa wachunga ng'ombe wa kwao. Ati wakiusikia walilia, walitoroka jeshini, au walikufa.

Leo madaktari hawauiti tena ugonjwa. Lakini kosa la wakubwa wale lifikirie: waliona wimbo ndio adui, wakaufunga. Adui hakuwa wimbo. Shida ilikuwa ni mtu kukaa mbali na watu wake bila ya kuwa na wa kumwambia.

Ng'ambo si picha tu

Tunaona picha: kaka amevaa koti, nyuma yake gari zuri. Picha haionyeshi siku nzima. London mwezi wa Disemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mtu anatoka kazini ni kiza. Ijumaa ni siku ya kazi kama nyengine. Hakuna baraza ya kukaa, na jirani unaweza kuishi naye mwaka mzima msijuane jina. Msichana aliyekwenda Maskati kufanya kazi za ndani, yeye jua analo tele, lakini siku yake ni ya mwenye nyumba. Analala mwisho, anaamka mwanzo.

Halafu simu inalia. Nyumbani wanauliza, "Hujambo? Umetuma?" Naye anajibu, "Sijambo, nzuri tu." Hataki kumtia mama wasiwasi. Hataki kuambiwa ameshindwa. Hapo ndipo hatari ilipo, ndugu msomaji. Mtu anayelazimika kuwa mzima kila siku hana pahala pa kuumwa.

Na wimbo unaweza kupafungua pahala hapo. Ni vigumu kumuuliza mamaako, "Unalia usiku?" Lakini ni rahisi kumtumia sauti: "Shikamoo mama. Leo kwenye shughuli ya jirani wamepiga ule wimbo wako. Tumekukumbuka sana. Wewe huko unaukumbuka?" Kisha nyamaza, msikilize. Usikimbilie kuomba viatu. Na kumbuka Maskati wako mbele yetu saa moja. Ukipiga saa tatu usiku, kwake ni saa nne na huenda amechoka.

Utumie vipi wimbo?

Iwe wewe ndiye uliye mbali, au ndiye uliyeachwa nyumbani, haya yanasaidia:

1. Imba na watu. Kuimba au kusikiliza pamoja kunaleta mazungumzo. Kujifungia chumbani usiku, taa imezimwa, wimbo mmoja wa huzuni unarudiwa saa nzima, mara nyingi kunamzamisha mtu zaidi, hasa kama tayari ana huzuni.

2. Wimbo ukiisha, fanya kitu. Piga simu, andika barua, pika chakula cha kwenu, tembea. Kumbukumbu iwe ni ngazi ya kushukia, si shimo.

3. Jiulize: nikimaliza kusikiliza ninahisi nafuu au vibaya zaidi? Ukihisi vibaya zaidi kila mara, uweke pembeni kwa muda. Si lazima kuufuta.

4. Jifunze nyimbo za ulipo. Hutakuwa umewasaliti wa kwenu. Taarab yenyewe ilikuwa mgeni! Inaelezwa ilianza kuletwa kutoka Misri wakati wa Seyyid Barghash, kaka yake Salme, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ganuni ilitoka Misri, fidla asili yake Ulaya. Leo nani atasema si yetu?

Wimbo hauponyi kila kitu

Tuseme ukweli. Kuna mambo ambayo wimbo hauyawezi.

Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, wewe au mwenzako ana huzuni isiyoondoka, hapati usingizi au analala kupita kiasi, hali chakula, hana hamu na vitu alivyokuwa akivipenda, au anaona hana thamani, hiyo huenda ikawa sonona. Sonona ni maradhi, na yana matibabu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu inashughulikia afya ya akili. Akizungumza habari za kufa au kujiua, usingoje wiki mbili. Usimwache peke yake, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Namba 116 ni simu ya huduma kwa mtoto, unaweza kuipiga.

Na wimbo hautibu dhuluma. Ikiwa ndugu yako aliye ng'ambo anapigwa, halipwi, amenyang'anywa pasipoti au anazuiwa kuzungumza na nyumbani, huo si ukiwa tena. Usimwambie "vumilia tu". Mwambieni kuwa Tanzania ina ubalozi Maskati, na nyinyi huku pelekeni habari kwa sheha na polisi.

Wewe unayefikiri kuacha skuli ili uende, wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Maliza masomo, fikisha umri, soma mkataba kabla ya kutia saini, na acha nakala yake nyumbani. Kisha andika nyimbo zako tano unazozipenda, na pembeni ya kila mmoja jina la mtu utakayempigia simu ukiusikia.

Na wewe unayebaki, fanya jambo moja wiki hii. Muulize mtu mmoja wa kwenu aliye mbali: "Wimbo gani ukiusikia unakurudisha nyumbani?" Kisha kaa kitako umsikilize mpaka amalize.